Mgongo Wangu na Mama Kine

Likasi, komini ya Panda

Yaya Yvonne, dada yangu,

Habari za Kalemie? Homa ya mama imepoa? Anakula? Mimi nipo, tena nasimama wima, na ukisoma mpaka chini utajua kwa nini namshukuru Mungu.

Unajua nilikuwa nabeba mifuko ya mawe ya shaba kule Kambove. Siku moja niliinama kuchukua mmoja, sikuinuka. Maumivu yakashuka toka kiunoni mpaka kidole cha mguu. Kanisani wakaniombea, wakasema niruke kushuhudia uponyaji. Nikaruka. Yaya, nilibebwa kama godoro mpaka hospitali.

Wakanipeleka kwa kine, yaani anayetibu kwa mikono na mazoezi. Mama mmoja Mkasai, mnene, mkali. "Ondoa shimizi, lala na tumbo!" Nikavua shati, nikalala kifudifudi. Akabonyeza uti wa mgongo pingili moja moja, akasema diski, kile kitu laini katikati ya pingili, imetokeza na kubana neva ya mguu. Uso wangu ulikuwa kwenye tundu la kitanda, mdomo ukalegea. Nikamwambia lazima nipone upesi, namuoa Ngalula wa hapa Panda, na mama yake nasikia hacheki na mtu.

"Ngalula gani ule?"

"Ule wa kuuzisha bitenge ku soko."

Mikono ikatoka mgongoni. Nikasikia viatu vinakimbia, mlango pa!

Ni mama yake! Nilikuwa sijawahi kumwona, posa aliipeleka mjomba. Na kwa Wakasai, Yaya, mkwe na mama mkwe hawagusani, hata kutazamana usoni ni mwiko. Mimi nimekandwa kiuno suruali iko nusu! Ngalula akanipigia simu analia: baba yake kasema bila mbuzi wa kufuta aibu, hakuna ndoa. Nilichanganyikiwa. Nampenda yule binti, si mchezo.

Mjomba akamkokota mbuzi, maana mimi nimekatazwa kuvuta chochote. Wazee wa kwao wakamla, hawakusema ndiyo wala hapana. Na mgongo je? Kine ni huyo huyo mmoja. Nikarudi, nikakuta pazia katikati ya chumba, mama mkwe yuko upande wa pili anapiga kelele: "Weye! Lala na tumbo! Sukuma na mikono, kiuno ibakie chini! Minye siko nakuona, lakini najua unadanganya!" Kweli nilikuwa nadanganya. Na nikizembea, fundi cherehani anayetibiwa shingo ananichongea bila haya.

Nisalimie mama, shemeji mwalimu, na baba mdogo wa baiskeli. Mwambie asiinue mizigo kwa kuinama, akunje magoti.

Yaya, jana nilitembea mpaka mlangoni bila kuchechemea. Halafu nikamsikia mama mkwe nyuma ya pazia akimwambia fundi cherehani, sauti imepoa: "Umuambie buko yangu, asibebe tena mifuko." Buko, ndiyo mkwe! Kwao hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Nililia, Yaya. Mama aanze kutafuta kitenge cha harusi.

Mdogo wako,
Dieudonné