Wembe Mpya wa Sepuka

Baba Neema,

Sikuulizi hali. Huko Itigi nasikia umenenepa, na umeoa.

Unakumbuka asubuhi ile tukipepeta alizeti hapa Unyambwa, nikanywa chai ikanimwagikia kifuani? Ulicheka: "Mama Neema, leo umelewa?" Kisha ukanitazama vizuri, ukaweka ungo chini. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, jicho la kushoto halifumbiki. Mama yako akasema nimepigwa na jini kwa kupita jalalani saa sita mchana. Nawe ukaitikia, "Ndiyo, mama, ni jini."

Ukanipeleka Sepuka kwa mganga, kuku mweusi kwapani. Ulinishika kichwa nichanjwe chale shavuni. Mganga alipotoa wembe wake wa siku zote, ukamzuia: "Hapana, mzee. Tumia mpya, huu hapa." Ulikuwa nao mfukoni. Njia nzima ya kurudi nilijisifu moyoni kwamba nina mume anayenijali.

Jini hakutoka. Uliyetoka ni wewe, ukisema huwezi kula ukitazamana na mdomo uliopinda.

Dada yangu ndiye aliyenivuta hospitali. Daktari akasema neva ya uso imelegea, tupime na damu, maana virusi vya UKIMWI huweza kuleta hali hiyo. Vikakutwa. Nesi akanipa kopo la dawa, nami nikalitambua kabla hajaeleza chochote. Lilikuwa sawasawa na lile ulilokuwa ukilificha kwenye gunia la mbegu, nami nilipolikuta ukaniambia ni dawa za mgongo.

Hapo ndipo nilipoukumbuka wembe. Uliwaonea huruma mganga na wateja wake. Mimi niliyelala ubavuni mwako hukunionea. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nilizifua mimi. Nakuchukia, Baba Neema, na sioni aibu kusema.

Neema amepimwa, ni mzima. Mimi nameza dawa zangu mchana kweupe, mbele ya watu. Mdomo umerudi mahali pake, ila jicho la kushoto hunitoka machozi kila ninapokula. Majirani wanadhani nakulilia. Nawaambia ni mlenda wa moto.

Sikuandikii ili urudi. Nakuandikia kwa ajili ya huyo mwenzangu. Mwambie leo kwamba mgongo wako hauna ugonjwa wowote. Mwambie wewe, kabla uso wake haujamwambia.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Neema