Maji Niliyotia Kwenye Betri

Jumanne, 2 Mei 1967
Katwe tena, mimi na Papa, juu ya lori la samaki la patroni, tajiri wa Papa. Ni kazi ya kila Jumanne: betri mbili za boti yake. Papa anakwangua ule unga wa kijani kwenye vichwa vya betri, anapaka grisi. Mimi natia maji. Yafunike zile sahani za madini ya risasi zilizo ndani, yasizidi. Maji ya mvua tu, yaliyochujwa kwa kitambaa. Maji ya Katwe, yenye chumvi, Papa hataki hata yasogee karibu. Chumvi ni sumu ya betri.

Leo sikuwa na maji ya mvua. Nilikuwa nimeyamaliza jana kuosha nywele. Niliona haya kusema. Asubuhi nilijaza chupa yangu kwa maji ya baraka ya Mama, yale ya chini ya picha ya Bikira Maria. Yalikuwa safi kabisa. Na tena yaya Paluku, kaka yangu, ndiye anayeendesha boti hiyo mpaka upande wa Kongo. Nikafikiri yatamlinda. Betri zilikuwa zimekauka kwa joto, zikameza chupa nzima.

Chupa ya Mama niliijaza maji ya kisima. Alijipaka akitoka kwenda sokoni. Nilitazama chini.

Ijumaa, 5 Mei
Boti imezimika katikati ya ziwa. Yaya na abiria sita wamepiga kasia kwa mbao za viti tangu asubuhi hadi alasiri. Viganja vyake vimechubuka vyote. Patroni alikuja kwetu Bwera, akakataa kiti.

Jumamosi, 6 Mei
Katwe. Papa anashuku dinamo, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Akaipima kwa balbu yake yenye waya mbili. Ikawaka. Akafungua, akasugua brashi, akafunga. Moto wa umeme unakuja, betri hazishiki. Na zinatoa harufu ya ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, mpaka tukakohoa. Papa hajawahi kuisikia kwenye betri. Alikuwa akisogeza waya karibu na pua ili azione.

"Fundi, macho yako iko wapi?" patroni akasema. "Uliachaka kwenu Butembo?"

Wauza samaki wakacheka. Papa akacheka nao. Nilikichukia kicheko chake.

Jumapili, 7 Mei
Zamu yangu ya kufagia sakristia. Padri alikuwa anabariki maji ya wiki. Akachukua kisahani cha chumvi, akaimimina ndani kwa alama ya msalaba.

Nilisimama na ufagio.

Ni mimi.

Jumatano, 10 Mei
Sijasema. Nina Kifaransa cha masista wa Butembo, na Kiingereza tangu tulipotoka Kongo tukakimbilia huku Uganda. Hakuna hata kimoja kilichonipa neno. Kiswahili cha nyumbani ndicho kigumu zaidi.

Papa ameleta dinamo nyumbani, ameifungua mara ya tatu. Anapapasa waya moja moja. Nilimsikia akimwambia Mama, pengine ni macho, pengine aliunga vibaya na hakuona. Mama akamnyunyizia maji ya chupa ile. Ya kisima. Nilitaka kufa.

Alhamisi, 11 Mei
Nilimngoja Papa mlangoni nimwambie. Alipofika nikamwuliza kama anataka chai.

Ijumaa, 12 Mei
Papa amerudisha ufunguo wa sanduku la betri. Mwenyewe, bila kufukuzwa. Alisema macho yamechoka, asije akaua watoto wa watu ziwani. Fundi wa Kasese ameshafunga betri mpya. Za zamani zimeletwa kwetu. Nimechelewa.

Jumamosi, 13 Mei
Nimesema. Nyuma ya nyumba, Papa alipokuwa anamwaga asidi shimoni. Nilisema yote, nywele na chupa pia. Sahani zilikuwa zimemomonyoka kama mkate uliolowa. Alizitazama sana.

"Basi macho yangu iko muzima."

Akakaa juu ya tofali. Uso wake ulifunguka, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

Nilisema nitaenda kwa patroni.

"Wewe? Kusalimia tu unaogopa."

Kisha akakataa kabisa. Patroni ana mdomo, na Bwera nzima itaniita msichana aliyetaka kumwua kaka yake kwa maji ya baraka. Kazi imeshakwenda, alisema. Mama nikamwambie mwenyewe.

Nikamwambia.

Jumapili, 14 Mei. Pentekoste
Mama aliosha chupa akaenda nayo kanisani. Hakuniruhusu kuibeba.

Tulipotoka misa tulikutana na patroni njiani. Boti inakwenda vizuri, alisema. Akaniambia nimshike mzee mkono, kuna mtaro mbele.

Papa alikuwa ameuona mtaro kabla yetu sote. Akanipa mkono, kama asiyeona.