Makapi Mbele ya Nyumba Yetu

Kindu, Jumatano, mwezi wa kumi

Mvua imeacha mchana. Hasira yangu haijaacha.

Najua, hasira hasara. Lakini kwetu hasara ndiyo iliyotangulia na hasira imefuata nyuma, kwa hiyo leo sitaki methali ya mtu. Nimekaa jikoni, mikono imeganda unga wa mchele hadi kwenye viwiko, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja kilichobaki safi.

Jumapili nilirudi kutoka Lokandu, kwenye matanga ya shangazi. Nilikuwa nimechoka na mtumbwi, nimechoka na kulia, nataka kuoga na kulala basi. Nikakata kona ya nyumba yetu hapa mtaa wa Kasuku, nikasimama. Kutoka mlangoni hadi barabarani palikuwa pa njano. Makapi ya mpunga. Yalikuwa yamemwagwa juu ya matope na kusawazishwa vizuri kwa koleo, mpaka pale pikipiki zinapopita.

Mdogo wangu Ramazani alikuwa amesimama katikati, anacheka, ananiita yaya kama kwetu mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

"Yaya, angalia! Sasa hautateleza tena kwa potopoto."

Nikamuuliza makapi yote haya yametoka wapi. Nilikuwa nimekwisha kujua. Nilitaka tu aseme kwa mdomo wake.

Alikuwa amefungua mapipa ya mama. Yote.

Mtu asiyeishi nasi hawezi kuelewa mapipa ya mama. Yamekaa chumba cha nyuma, juu ya mbao, ili unyevu usipande. Ndani yake ni mpunga, si mchele. Mpunga una ganda lake na ganda ndilo mlinzi: ukikaushwa vizuri unapita mwaka, pengine miwili, na siku ukiukoboa bado unapika. Mama huuanika kwenye turubai siku za jua kali, kisha anang'ata punje moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, inarudi juani hata kama wewe umekwisha kukunja turubai. Halafu anachanganya na majivu na pilipili kavu kwa ajili ya wadudu, anafunika, anaziba ukingo wa mfuniko kwa udongo wa kichuguu. Na kila jioni akishasali anapita akigonga kila pipa kwa kifundo cha kidole. Pipa lililojaa linajibu kwa sauti nzito. Akishaisikia ndipo anakuja kula.

Kuna sheria moja tu: tunakula wa zamani. Mavuno mapya yanaingia pipani, ya mwaka jana yanatoka. Maana yake ni kwamba tangu vita sijawahi kula mchele mpya nyumbani kwetu. Majirani wakivuna, harufu ya wali wao inapita juu ya ua, na sisi tunapika ule uliochoka.

Ndiyo sababu nikawa muoka mikate. Mchele mkuukuu ukiupika wali haufurahishi mtu. Lakini uloweke, utwange, uchekeche, uchanganye na malafu ya asubuhi, ile pombe ya mchikichi ikiwa bado tamu, uache uumuke, kisha uingize kwenye tanuri langu la pipa lililofunikwa udongo: unatoa mkate ambao watu wa Kasuku wanauchukua kabla haujapoa. Unga wa ngano usipofika kwa ndege wananikumbuka zaidi. Mikate yangu imezaliwa na hofu ya mama, siwezi kukataa.

Sasa Rama. Kulikuwa na mashine ya kukoboa karibu na soko, na mwenyewe alikuwa anaihamishia Kibombo. Rama akaona bahati imemkuta kabla haijaondoka. Mama alikuwa ng'ambo ya mto kwa dada yake, mimi niko matangani, nyumba ni yake. Akapakia mpunga wote, akaurudisha mweupe, magunia yamepangwa sebuleni, na makapi akayaleta pia kwa sababu ya matope. Alifikiri ni zawadi. Hilo ndilo lililoniumiza meno: alikuwa anangoja shukrani.

Nilipiga kelele hadi jirani akazima redio yake.

"Yaya, juu ya nini unanigombeza?" akasema. "Nilitaka wewe na Mama mupumuzike na kinu. Vita ilishaisha. Mupaka lini tutakula muchele ya zamani?"

Swali hilo lilinikera kuliko kosa lenyewe, kwa sababu ni langu. Nimelila pamoja na wali mkuukuu miaka yote hii na sijawahi kulitoa mdomoni.

Lakini jamani! Akiba haiozi, walisema wahenga. Wahenga hawakuvua ganda chakula chote cha nyumba mvua zikianza. Mchele mtupu katika unyevu huu wa Kindu haufiki mbali. Wataingia wadudu, halafu ukungu. Mavuno ni mwezi wa kwanza. Na kila jioni simu zinaleta habari za vita ya mashariki, miji inayoanguka, watu wanaotembea na magodoro kichwani. Kati ya nyakati zote alizoumba Mungu, kaka yangu amechagua huu.

Nilikuwa bado nasema hayo mama alipofika.

Hakuniona mimi wala Rama. Aliona njano ile. Aliifuata kwa macho polepole, kutoka mlangoni hadi barabarani. Kisha akaweka kikapu chake chini, akapiga magoti kwenye matope na kitenge chake kizuri cha safari, akaanza kuyazoa makapi kwa mikono miwili.

"Mufagie," alisema. "Mufagie upesi, wasione."

Rama akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. "Nani aone, Mama? Ni makapi tu."

Makapi tu.

Hapo nikapasuka. Nilimwambia pale pale nje, nimesimama, tena kwa sauti, jambo ambalo mama alinikataza kumwambia. Nilimwambia baba hakufa kwa homa.

Wakati ule Rama alikuwa mgongoni, hakumbuki chochote. Mimi nilikuwa msichana wa kubeba maji, nakumbuka vyote. Mji ulikuwa umefungwa. Wenye bunduki walikuwa ndani, wenye bunduki wengine walikuwa porini, na mtu wa kawaida aliyekwenda shambani kwake aliuawa na hawa au na wale. Gari la moshi halikuja. Watu wakala majani, wakala mizizi ya migomba. Sisi tulikuwa na mpunga, kwa sababu mama alivuna mapema na alikuwa mchoyo tangu kuzaliwa, Mungu ambariki kwa uchoyo wake.

Lakini kuwa na mpunga wakati ule kulikuwa hatari kuliko kutokuwa nao. Huwezi kutwanga. Mlio wa kinu unawaambia wote kwamba nyumba hii ina chakula. Kwa hiyo tulijifungia chumba cha ndani, tukaukoboa mpunga kwa kuusugua kati ya mbao mbili juu ya blanketi, kidogo kidogo, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mchele tuliuloweka, tukausaga kwenye jiwe bila kelele. Mama aliufunga unga kwenye majani na kuuzika chini ya majivu ya moto. Wali unataka sufuria, mvuke na muda, na mtu akiingia ghafla unaushika mkononi uende nao wapi? Mkate ule ulikaa siku kadhaa, ukaingia kwenye kitenge, ukakimbia nasi kila tulipokimbia. Ulikuwa mgumu na una mchanga wa majivu. Sijala kitu kitamu kama kile.

Yakabaki makapi. Kuyachoma ni moshi, kuyatupa ni ushahidi. Mama akayashonea ndani ya mito, tukayalalia. Mito ikajaa. Basi baba, kwa kufikiri anasaidia, akayamwaga nyuma ya migomba na kuyafunika majani. Mvua ikanyesha. Maji yakayachukua makapi yakayapitisha chini ya ua, yakayapanga kama mstari kutoka kwetu hadi barabarani, mstari wa njano safi ambao hata mlevi angeufuata.

Waliufuata asubuhi. Wakakuta pipa moja. La pili lilikuwa limezikwa chini ya mafiga, hawakulipata, ndilo lililotuvusha. Mpunga ulikuwa mzito kwao, hawakutaka kuubeba. Wakambebesha baba. Alitoka na gunia letu kichwani, akageuka mara moja akamwambia mama afunge mlango. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kutuonyesha alipolazwa.

Hayo ndiyo niliyomwambia kaka yangu, amesimama juu ya makapi na koleo mkononi.

Mama aliendelea kuzoa.

Siku zile baada ya vita aliniambia sababu ya kunyamaza: mtoto asiyemjua baba yake asianze kumjua kwa kifo chake. Ni maneno mazuri. Lakini leo nimekasirika na maneno hayo pia. Ametulisha wote hofu na Rama peke yake amemnyima maelezo yake. Tumemlea chini ya sheria za vita ambayo tulimwambia imekwisha, halafu tunashangaa amezivunja. Angejuaje? Kwake mapipa yalikuwa ukaidi wa mwanamke mzee. Makapi yalikuwa dawa ya matope.

Rama alifagia. Alifagia mpaka barabarani, akavuka hata mbele ya majirani, akaokota yale yaliyoganda kwenye magurudumu ya pikipiki iliyoegeshwa. Akayatia yote kwenye magunia.

Mimi tangu Jumatatu nimekuwa naoka. Mchele wote huu siwezi kuuokoa. Mwingine nimeurudisha pipani na majivu na pilipili, nikiomba Mungu. Mwingine unakuwa mikate ya kuuza. Na mwingine naoka mara mbili: mkate ukipoa naukata vipande vyembamba, naurudisha kwenye tanuri lenye moto mdogo mpaka ukauke kabisa, halafu naufungia kwenye makopo ya maziwa. Ukivunjika kwa mlio, umekauka. Ukibonyea, unarudi. Nilijikuta nang'ata kipande kusikiliza kama anavyofanya mama, na hilo nalo likanikasirisha.

Leo asubuhi kuni zilikuwa zimelowa. Rama akaja na gunia la makapi, akaliweka karibu na tanuri bila kuniangalia. "Yaya," akasema kwa sauti ndogo, "hii inaweza kuwaka?"

Inawaka, kila mwenye tanuri anajua. Ila kwetu haijawahi kuwashwa. Nilitaka kukataa. Kisha nikaangalia magunia yale, na kuni zile zinazotoka maji, na mikate inayongoja, nikamwambia atie kidogo.

Makapi hayawaki kwa adabu. Yanatoa moshi kwanza, mweupe, mnene, wenye harufu ya shamba. Ukapanda juu ya mabati yetu, ukapanda juu ya mabati ya majirani, ukasimama pale ili Kindu nzima ituone. Mama akatoka chumbani mbio, kitenge hakijafungwa vizuri. Rama aliona uso wake, akaruka kuchukua ndoo ya maji.

"Wacha," mama akasema.

Alisimama akiuangalia ule moshi. Mimi sikujua nimshike au nisimshike. Halafu akaingiza mkono kwenye gunia, akachota makapi, akayatupa mwenyewe motoni. Akachota tena.

"Wacha waone."

Rama aligeuka upande wa ukuta. Aliuliza, mgongo umetugeukia, walimpeleka baba upande gani. Mama akanyoosha mkono kuelekea mtoni. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona akionyesha. Kisha akachukua kipande cha mkate wa moto, akakitafuna na kusema chumvi imepungua. Nilitamani kumkumbatia na kumpiga, vyote pamoja.

Jioni hii aligonga mapipa kama kawaida. Nilimsikia kutoka hapa jikoni. Yalijibu kwa mlio mtupu, moja baada ya jingine, na lile nililolirudishia mchele lilijibu nusu nusu. Aligonga yote mpaka la mwisho. Nikangoja aje kusema hana njaa.

Alikuja, akaketi kando ya Rama, akala.

Mimi ndiye niliyesukuma sahani kando. Kwa sababu sasa nimeona hasira yangu ni ya nani, na si ya mtoto huyu, wala si ya mama. Wale watu walichukua gunia moja na mtu mmoja, wakaenda zao. Lakini tangu siku ile wao ndio wanaotupangia chakula. Wao ndio waliosema tule mchele wa zamani. Wao ndio wanaokaa mezani kwetu kila jioni mama akigonga mapipa. Na huko mashariki wengine kama wao wanafundisha nyumba nyingine kukoboa mpunga bila kelele. Nawachukia, na nimeandika hivyo kwa akili timamu.

Mapipa tutayajaza, sibishani na mama. Sina imani na amani ya mtu yeyote. Ila mwezi wa kwanza, mpunga wa kwanza kukauka hauingii pipani. Rama atatoa kinu nje, na mimi nitautwanga mchana, mbele ya nyumba.