Bosi Wangu Hujibu Kwenye Sala

Jumatatu. Baridi ya Julai, mlima hauonekani kabisa, na mimi nina kinyaa ambacho hata chai ya tangawizi imeshindwa kukishusha.

Tunapamba kumbi za harusi. Ofisi yetu iko Olasiti, na kila asubuhi tunaanza kazi kwa sala. Sina ubaya na sala, nimelelewa nayo. Shida ni bosi wetu, Mama Glory. Huyu mama hakukosoi ana kwa ana hata siku moja. Kwenye kikao anatabasamu: "Nimekusikia, mwanangu." Halafu siku ya pili anakusema mbele za Mungu.

Ijumaa mwenzangu Upendo alitoa wazo kuhusu harusi moja ya Tengeru. Tuache vile vitambaa vyeupe vya kila siku, tuning'inize vikapu vya ukindu vyenye taa ndani. Alikuwa amejaribu nyumbani kwake, akatuonyesha picha. Vilipendeza mpaka nikamwonea wivu. Mama Glory akatabasamu.

Leo tumefumba macho, akaanza: "Baba, yupo binti hapa kati yetu anayejiona anajua kuliko waliomtangulia. Kivunje hicho kiburi, Baba."

Utamjibu nini mtu anayeongea na Mungu?

Tukasema amina. Na mimi nikasema, tena kwa sauti. Najichukia kwa hilo.

Mchana akaja mama wa bibi harusi wa hiyo harusi ya Tengeru. Akaangalia picha za vitambaa vyetu, akasema ameviona kila harusi mpaka amechoka, hatuna kitu kipya? Mama Glory akatugeukia kwa uchangamfu: "Haya wanangu, toeni mawazo, msiogope!"

Upendo akaangalia kucha zake. "Hatuna, Mama."

Mteja akaaga, akasema ngoja aulizie kwingine. Bosi akabaki anasikitika kwamba vijana wa siku hizi hawana ubunifu.

Jioni akanitumia ujumbe: kesho ni zamu yangu kuongoza sala, niombe roho ya ubunifu itushukie. Roho ya ubunifu! Asubuhi umeikaba koo mwenyewe, jioni unaiita.

Nimeandika jibu, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nimetuma: "Shikamoo Mama. Kesho naomba nisiongoze sala. Naomba tukae wewe, mimi na Upendo, tuongee kuhusu vile vikapu."

Ameusoma.

Najua atanijibu kesho, macho yakiwa yamefumbwa. Safari hii amina yangu asiitegemee.