Waya Ni Waya

Mama mpendwa,

Shikamoo kutoka huku Wete, Pemba. Kifua kimetulia, au baridi ya Tukuyu bado inakukohoza? Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Kazi ya ufundi wa mafriza imekwisha. Nakuandikia usije ukaambiwa na watu kwamba nimefukuzwa kwa uzembe.

Friza kubwa la tajiri wetu kule Makangale, kina mama wanamohifadhi pweza wao mpaka mnunuzi aje, liliharibika kidude cha kupimia joto. Tajiri akaleta kingine, kimeng'olewa kwenye mashine nyingine kabisa. Nikamwambia, "Bosi, hiki hakifai. Kile cha mwanzo ni cha semikondakta: joto likipanda, kinapitisha umeme zaidi. Hiki ni waya wa metali: joto likipanda, kinauzuia zaidi. Friza likipata joto, mashine itadhani limeganda, itazima mota."

Akacheka. "Waya ni waya. Unataka nifunge biashara?"

Nikakataa kukifunga. Jumapili, nikiwa kanisani Wete, akamwita mtu mwingine akakifunga.

Jumatatu harufu ilinipokea njiani. Mota kimya, kioo kinaonyesha baridi kali, pweza wote wameoza. Kina mama wamejaa mlangoni, na tajiri ananinyooshea kidole: "Fundi ni huyu wa bara. Muulizeni yeye."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Bi Time, mjane aliyenipa chumba nyumbani kwake na kuniuguza malaria, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mie hayo ya metali siyajui. Nimeinama majini na mgongo huu mbovu. Pweza wangu yu wapi?"



Sasa tajiri amenunua kidude cha semikondakta, kama nilivyomwambia, na friza linagandisha vizuri. Hajaniita, wala hajawaambia kina mama ukweli. Hilo nimelimeza. Lililonishinda ni la Bi Time: jioni ya Jumatatu ile nilikuta begi langu barazani, nguo zangu zote kazikunja vizuri, na mlango umefungwa. Nilibisha hodi. Nilimsikia akikohoa ndani.

Nimehifadhiwa Wete kwa mwalimu mmoja tunayesali naye.

Nisalimie bibi mzaa baba, na mjomba anayekuchungia ng'ombe. Dada mkubwa akiuliza kazi, usimfiche. Najua utasema nirudi. Sirudi kwanza. Nikiondoka leo, maneno ya tajiri ndiyo yatakayobaki Makangale.

Binti yako anayekukumbuka,
Atupele