Skola, Nimemwambia Dativa

Dada Skola,

Mara tatu nimeianza barua hii kwa "hujambo", na mara tatu nimechana karatasi. Nakujulia hali ya nini? Basi leo naanza bila salamu. Najua ulivyokuwa unanuna mtu asipokusalimu. Nuna tu, nimekuzoea.

Mwanao Dativa alikuwa anakuwekea chakula.

Niligundua mwezi wa pili tangu tukuzike. Nilipita kwenu jioni nikakuta sahani imefunikwa juu ya kabati, ugali wa ulezi na maharage, na bakuli la maji pembeni. Nikamuuliza mama yako ni ya nani. Akasema ni michezo ya mtoto, ataacha mwenyewe, asubuhi anawamwagia kuku. Nilijua ile sahani ni ya nani, na nilijua aliyeiweka pale ni mimi.

Ngoja nikueleze, maana hili hujui. Siku ulipofariki, mtoto alinikuta langoni pa hospitali, katoka shule na begi mgongoni. Akaniuliza Mama yuko wapi. Nikamwambia, "Mama hajafa, amelala tu." Mwenyewe hakuwa ametaja neno kufa. Mimi ndiye niliyelitaja, halafu nikalifunika kwa maneno ya Yesu, kama vile Yesu ni mfuniko wa sufuria.

Halafu tukamficha, kama tunavyowaficha watoto wote. Akapelekwa Chala kwa mjomba wake mpaka tanga likaisha. Hakuona jeneza, hakuona shimo. Aliporudi, wenzake shuleni walimwambia mama yako alikufa. Unajua aliwajibu nini? Aliwajibu kwamba hata nyumbani kwa Yairo watu walimcheka Yesu alipowaambia binti amelala. Sasa mtoto kama huyo unamvunja vipi? Kila aliyemwambia ukweli akawa mmoja wa wale wacheka hovyo wa nyumba ya Yairo.

Na chakula ni somo lako. Ni wewe uliyenifundisha kuifundisha hadithi ile, miaka minne nikiwa msaidizi wako kwenye darasa la watoto la Jumapili pale kigangoni, nikikushikia mkeka. Mtoto mmoja analala, unamfunika kwa kitenge chako cha njano, wengine wanalia msiba kwa raha zote hadi Paroko anachungulia dirishani. Yesu anaingia, anamshika mkono, binti anainuka. Walimu wengine wanaishia hapo, wanapiga makofi. Wewe ulikuwa mkali. Ulisema, "Msimwache na njaa. Yesu aliagiza apewe chakula." Ukafungua kapu lako la mahindi ya kuchemsha na kila mtu akala. Watoto wetu hata wakisahau jina la Yairo, mahindi hawasahau. Dativa aliyashika yote.

Miezi mitano ikapita hivyo. Nilikuwa nikipita kwenu naangalia kabati kabla sijaangalia watu. Nilianza hata mimi kukungoja, Skola, usinicheke. Jioni moja niliingia nikakuta maji yamepungua kwenye bakuli, nikasimama pale nasikiliza chumbani kwako. Alikuwa ni paka. Lakini nilisimama muda mrefu sana, na nikikuambia nilitamani asiwe paka, nakuambia kweli tupu.

Jumapili iliyopita ikawa zamu ya hadithi ile. Upepo wa Juni umeshaanza, watoto wanakuja wamevaa masweta mawili mawili. Nilitaka kuiruka, niwafundishe habari ya mikate na samaki. Wakagoma. Wanataka ile ya mkeka. Nikatandika. Dativa akanyoosha mkono, akasema yeye atakuwa Yesu. Wavulana wakacheka, akawaangalia na yale macho yako, wakaacha.

Akaingia taratibu, akapiga magoti, akamshika mkono yule binti aliyelala, akamwambia aamke. Akaamka. Watoto wakapiga makofi. Mwanao hakupiga. Alinigeukia mbele ya wote, akasema, "Mwalimu, Mama haamki kwa sababu hakuna aliyemshika mkono. Nipeleke nikamshike."

Nikaweka Biblia chini, nikawaaga wengine.

Nilimpeleka. Tulitembea kwa miguu hadi makaburini, mtoto alikuwa na haraka. Kaburi lako limetitia kidogo kwa mvua za mwisho, na jina msalabani limeanza kufifia, nitalipaka upya. Akalizunguka mara mbili. Akaniuliza mikono yako iko upande gani.

Nikakaa kwenye udongo. Nikamwambia, "Mama amekufa, mwanangu. Hajalala. Mimi nilikudanganya." Nikamwambia hata akikushika mkono mchana kutwa hutaamka, na kwamba yule binti aliamshwa siku ile na Yesu, lakini watu wengine wengi wa mji ule hawakuamshwa, mama za watoto wengine wakazikwa, na Yesu aliwapenda hao pia. Sijui kama nilifundisha sawasawa. Kwenye kitabu cha mwalimu hakuna ukurasa wa hayo.

Kisha akaniuliza, "Wewe ulimshika?"

Hapo ndipo nilipotamani kudanganya tena. Ilikuwa rahisi, neno moja tu, na mtoto angefarijika. Lakini nilishaona uongo wangu wa kwanza umetufikisha wapi. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile, wodini kulikuwa na baridi, ukawa umesinzia, nikatoka nje kuota jua. Niliporudi ulikuwa umeshakwenda. Hiyo ndiyo habari ninayoamka nayo kila siku, dada, na sijawahi kumwambia mtu. Aliyeisikia kwanza ni mtoto wa miaka saba.

Aliniacha nimekaa pale akatangulia, nikamfuata nyuma nyuma kama mtu anayefuata ng'ombe wa watu.

Tulipofika uani kwenu, mama yako alikuwa anasonga ugali. Dativa akasimama mbele ya jiko, akasema, "Bibi, Mama amekufa." Akaketi chini akalia. Skola, sijawahi kusikia mtoto analia vile. Alilia kilio cha mtu mzima, kile cha kuinua mikono, cha kukutaja jina. Bibi akaachia mwiko.

Majirani wakasikia. Unawajua watu wetu wa Malangali, kilio kikitoka hawaulizi njiani. Walikuja wanawake wanajifunga vitenge huku wanakimbia, mmoja mikono yake ina unga hadi kwenye viwiko. Wakauliza nani amefariki.

Nikasema, "Skola."

Nilidhani watashangaa. Nilidhani watasema msiba huo tulishaumaliza, huyu mwalimu kachanganyikiwa. Wakamtazama mtoto. Kisha mmoja mmoja wakavua viatu, wakakaa chini kumzunguka, wakaanza kukulilia upya.

Nimekuandikia kukuaga, maana siku ile sikukuaga. Sikuandikii ulale salama, maneno hayo nimeyaacha. Umekufa, dada yangu, na mimi nilikuwa nje. Dativa hajaanza kunisemesha, na simlazimishi. Siku atakayoniuliza lolote kukuhusu, hata liwe la kunichoma, nitamjibu kama lilivyo. Hiyo nakuahidi.

Kwaheri, Skola.

Ni mimi, msaidizi wako,
Desderia