Figo la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Wamefuta! Matokeo ya baiolojia ya darasa letu zima. Bodi ya mitihani inasema tumeiba, kwa sababu wote tumeandika kosa lilelile: figo la kushoto liko chini kuliko la kulia. Kumbe la kulia ndilo la chini. Kosa moja, darasa zima — basi lazima kulikuwa na karatasi ya majibu ikizunguka. Hakuna aliyetuita. Hakuna aliyeuliza hata "ninyi watoto, imekuwaje?"

Bila baiolojia, chuo cha uuguzi hakinitaki. Kwisha.

Kaka amecheka mpaka akakohoa. Eti wezi gani hawa, wameiba jibu bovu! Nimemrushia kandambili.

Sikuiba. Nimeandika hapa, maana hapa ulimi haunikwami.

Jumamosi, 9 Machi

Wakili alikuja kusukwa. Sebule yetu ndiyo saluni ya Mama, na Mama akishamshika mtu kichwa, hatoki mpaka asikie yote. "Dada wakili, mwanangu hajaiba." Wakili, kidevu kifuani, akasema bodi inaweza kupelekwa kortini.

Nikauliza — mimi! kwa sauti! — kama jaji atasema hatukuiba.

Hapana, mdogo wangu. Jaji hasahihishi mitihani, mambo ya figo hayamhusu. Ataangalia bodi iliamuaje. Ilifuata sheria yake yenyewe? Iliwasikiliza kabla ya kuwahukumu?

Kwa hiyo hata tukishinda, hakuna atakayesema mimi si mwizi?

"Hilo utawaambia wewe, wakikuita."

Mama akaangua kicheko. "Huyu? Huyu hata chumvi dukani anaagiza kwa kidole!"

Aibu hadi masikioni. Lakini nataka waniite. Nataka!

Jumanne, 26 Machi

Kesi imefunguliwa, na mwalimu wa baiolojia amekula kiapo upande wa bodi: alitufundisha sahihi, kulia chini, kushoto juu. Kwenye grupu wanamwita msaliti. Mimi siwezi. Mzee yule hajui kudanganya, uso wote unamsaliti. Sasa sisi tulilitoa wapi kosa lile?

Bodi imewatumia wazazi meseji. Mtoto akijitoa kwenye kesi, ataruhusiwa kurudia mtihani mwakani, yaishe. Wawili wamejitoa leo. Mama alinisomea, akanitazama tu.

Nirudie, niwe nimekiri? Sirudii ng'o!

Alhamisi, 18 Aprili

Kortini. Feni inazunguka bila upepo. Kila kitu kwa Kiingereza, na Mama ananivuta mkono kila dakika: amesemaje? amesemaje?

Wakili wa bodi alisema bodi ndiyo yenye wataalamu wa kugundua udanganyifu, korti isiwaingilie. Jaji akaitikia! Ni kweli, akasema, hiyo si kazi yangu.

Halafu akavua miwani. Sheria yenu inasema mtahiniwa ajibu tuhuma kabla ya kufutiwa matokeo. Mlimwita nani?

Wakili wa bodi akafunua karatasi. Akafunua tena. Akasema hata wangeitwa isingebadilisha kitu, ushahidi uko wazi.

Mtajuaje, akasema jaji, na hamkuuliza?

Nilikalia mikono yangu nisipige makofi.

Alhamisi, 25 Aprili

Jaji ametengua uamuzi! Mama ameruka na chanuo mkononi, mteja ameachwa na nusu kichwa.

Ila jaji amesema wazi: korti haisemi tuliiba wala hatukuiba. Bodi ituite, itusikilize, ndipo iamue upya. Bodi ileile! Kaka: "Yaani mmeshinda ruhusa ya kushtakiwa vizuri." Nikamjibu ndiyo, na tumeitafuta wenyewe.

Balaa ni hili: wenzangu wamenichagua mimi niseme kwa niaba yao.

Ijumaa, 3 Mei

Korido ya bodi. Wametutoa nje ili washauriane.

Mwenyekiti aliniuliza kwa Kiingereza, nikakwama. Nikaomba Kiswahili. Mjumbe mmoja akacheka kwa pua: binti, si ulifanya mtihani kwa Kiingereza? Nikasema figo langu halijui Kiingereza. Sijui lilinitoka wapi!

Mwenyekiti akataka kujua mwalimu alitumia maneno gani hasa. Maneno sikuyakumbuka. Niliikumbuka mikono. Alisimama mbele yetu akijipiga ubavuni — huku juu! huku chini! — nasi tunajipiga pamoja naye. Nikasimama. Nikawaomba wanifuate. Nikajipiga kulia, chini. Mwenyekiti, akinitazama, akajipiga kushoto. Akaganda hivyo hivyo. Tulimfuata mwalimu kama watu wanaofuata kioo: kulia kwake, kushoto kwetu! Yeye alisema kweli, na sisi pia.

Mwenyekiti: tokeni nje kidogo.

Mlango ni mwembamba, yote yanasikika. "Mimi nilijipiga sawa!" "Sawa wapi, bwana, huo si mkono wa kushoto?" Na yule wa pua: tukiwaachia hawa, kesho kila darasa litakuja na ngoma yake.

Wakili wetu ameteremka kupiga simu, na karani amechungulia sasa hivi. Eti niingie. Peke yangu. Ni kaswali kadogo tu, wakili wa nini?

Nimesema siingii mpaka wakili arudi. Na wakinilazimisha, waandike kwamba waliniita bila yeye — korti itataka kusoma. Nimesema kwa sauti. Mwangwi umeenda hadi kwenye ngazi.

Karani amenitazama kama kiti kimemwongelesha. Amerudi ndani kuwaambia. Namsubiri nimesimama, daftari nimelibana ukutani, na huko ndani namsikia akiwarudia maneno yangu, neno kwa neno.